Misa ya Katarina

Koleta alipoingia chuo cha ualimu cha masista, nje kidogo ya mji wa Tabora, alikuwa na Kiingereza cha kusoma tu. Akifungua kitabu alielewa. Mtu akimsemesha, maneno yalimpita kabla hajayashika. Kwao Lusu, upande wa Nzega, hakuna msichana aliyekuwa amefika mbali hivyo katika masomo, na padri alikuwa amelitaja jina lake kanisani. Kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote kwamba katika darasa la Sista Winifrida alikuwa anakaa nyuma na kuitikia "yes" kila aliposikia sauti ya Sista ikipanda mwishoni.

Sista Winifrida alikuwa Mwingereza, hajamaliza hata mwaka Tanganyika, na ndiye aliyefundisha sarufi na insha. Yeye mwenyewe hakuwa mkali. Darasa ndilo lilikuwa kali. Siku moja Tekla alisimama akasema "goed" badala ya "went", na kuanzia hapo wenzake wakamwita Gowedi, darasani, bwaloni, hata kwenye foleni ya kuungama. Tekla alicheka nao. Koleta alimwona akifuta macho nyuma ya jiko, akaapa moyoni kwamba yeye hatalikoroga.

Hiyo ilikuwa miaka ya karanga za Urambo, Waingereza walipokuwa wanang'oa msitu kwa matrekta. Lugembe, kaka yake Koleta, alipata kazi huko, na mkewe alipokaribia kujifungua, mama yao akafunga safari kwenda kumsaidia. Alitoka Nzega kwa lori, akalala Gongoni, mtaa wa Tabora mjini, kwa shoga yake Mwanajuma, mwanamke wa mjini aliyekuwa akinunua asali yake kila mwaka. Jumapili asubuhi akapita chuoni kumsalimu binti yake getini, kisha akawahi treni.

Wiki hiyohiyo Sista Winifrida aliwapa insha: andika juu ya mtu unayempenda, na kila sentensi iwe katika wakati uliopita. Koleta akaandika juu ya mama yake. Mama yangu alikuwa mrefu, aliandika. Alilima karanga na mtama. Aliimba kanisani. Alinibeba mgongoni hadi misheni nilipougua. Jina lake lilikuwa Katarina. Alizikagua sentensi zake moja moja, hakuona kosa.

Baada ya kipindi Sista alimwita mezani. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Aliuliza jambo kwa sauti ya chini, na katika maneno yake Koleta alinasa mawili tu: "passed away". Alifurahi kuyanasa. "Pass" ni kupita, "away" ni mbali. Sista anauliza mama alipita lini kwenda mbali. Lazima bawabu alikuwa amemwambia juu ya yule mgeni wa getini.

"Yes, Sister," akajibu. "On Sunday."

Sista aliweka mkono mdomoni. Akasema mengi, na katika hayo Koleta akanasa neno "home", nyumbani. Alidhani anaulizwa kama angependa kwenda nyumbani. Akasema hapana, anataka kusoma. Sista akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote, na Koleta akarudi kwenye dawati lake amechanganyikiwa lakini amefurahi.

Kesho yake Sista aliisoma insha ile mbele ya darasa, akasema ndiyo ya kwanza mwaka huo isiyo na kosa la wakati. Kisha akawaambia wote wasimame, wakasali Baba Yetu. Walipokaa, Apolinaria, aliyekuwa anakaa dawati moja na Koleta na kujua Kiingereza kuliko wote, alimshika mkono.

"Pole sana. Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mama amefariki."

Koleta alimtazama. Pole pole yale maneno mawili yakageuka kichwani mwake na kuwa kitu kingine. Sista alikuwa bado amesimama mbele, ameshika insha. Tekla alikuwa ameinamisha kichwa. Ilibaki kuinua mkono tu na kusema, Sista, nilikosea, sikuelewa neno. Akaliona darasa likimgeukia. Akalisikia jina watakalompa.

"Nilishindwa kusema," akamwambia Apolinaria.

Jumamosi ile padri alivaa mavazi meusi. Kabla ya kuanza misa alitangaza kwa Kiswahili kwamba inasomwa kwa ajili ya roho ya Katarina, mama wa mwanafunzi wetu. Koleta alipiga magoti mstari wa mbele kati ya Apolinaria na Tekla. Alisali kwa Mungu asimchukulie maneno yale kwa uzito, asije akayatimiza. Wenzake waliona machozi wakaona ni sawa.

Baada ya hapo walimchotea maji. Walimfanyia zamu yake ya kulima bustani. Kila siku alisema kesho atamwambia Sista, na kila siku iliyopita ilifanya jambo lenyewe liwe gumu zaidi, kwa sababu sasa ingebidi aeleze na ukimya pia.

Mwezi haukuisha, mama akarudi.

Ilikuwa alasiri, wasichana wanafua. Bawabu alimwita Koleta, na alipokaribia geti alimwona mama yake amesimama pekupeku na kanga yake ya safari iliyofifia, kikapu cha karanga kichwani, vumbi la njia hadi magotini. Mbele yake alikuwa Sista Winifrida, anayetoka parokiani, ameshika baiskeli.

"Wewe nataka nani?" Sista alikuwa anauliza kwa Kiswahili chake.

"Namtaka mwanangu Koleta."

"Koleta mtoto yako?" Sista alikunja uso. "Jina lako nani?"

"Minza," mama akasema. Katarina lilikuwa jina la ubatizo, la cheti na la padri. Lusu nzima ilimwita Minza, na ndilo alilotaja alipoulizwa.

Sista akamwona Koleta. Akamwuliza kwa Kiingereza, polepole, huyu ni nani. Wasichana kwenye kamba za nguo walikuwa wameacha kufua. Koleta alitazama miguu ya mama yake, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni mdogo wake marehemu mama, na kwamba kwa desturi yao naye humwita mama. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia Sista, na haikuwa na kosa hata moja.

Uso wa Sista ukalainika. Akaegemeza baiskeli, akashika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama. Pole sana kwa dada yako. Sisi naombea yeye. Padri nasoma misa."

Mama alimtazama Sista, kisha akamtazama binti yake.

"Asante, Sista," akasema. "Mungu awabariki."

Ndipo Koleta akapiga magoti kusalimu, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

"Shikamoo, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba."

Sista alimpa ruhusa amsindikize mgeni hadi Gongoni. Koleta alikipokea kikapu, wakatembea hadi chuo kikapotea nyuma yao.

"Dada yangu yupi?" mama akauliza.

Koleta aliongeza mwendo.

"Mimi nimezaliwa na kaka watupu, unajua. Nani amesomewa misa?"

"Katarina."

Mama alisimama. Watu wa sokoni waliwapita, mmoja akawasalimu, mama akaitikia vizuri. Kisha akasema, "Nieleze."

Koleta akamweleza yote, insha, neno, padri. Aliongea akitazama karanga.

"Kwa hiyo lile neno hukulielewa," mama akasema.

"Ndiyo."

"Na ulipolielewa?"

Koleta alikihamisha kikapu mkono wa pili.

"Nauliza ulipolielewa, Koleta."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kwamba sikulielewa. Wangenicheka."

Mama alijifunga kanga upya, akaikaza. "Na leo pale getini? Ni aibu ileile, au ilikuwa nyingine?"

Koleta alijaribu kusema ni ileile. Macho yake yakaenda kwenye miguu pekupeku ya mama, na mama akaona yalikokwenda. Koleta akaanza kulia.

"Usilie njiani," mama akasema. "Watu watadhani tuna msiba." Akachukua kikapu, akakiweka kichwani mwenyewe. "Rudi. Nyumba ya Mwanajuma naijua."

Asubuhi, baada ya misa ya Jumapili, Koleta alimfuata Sista Winifrida barazani. Alianza kwa Kiswahili, Sista hakufuata. Ikabidi aseme kwa Kiingereza, na safari hii kilitoka vipande vipande. Mama yangu hakufa. Yule mama wa jana ni mama yangu. Sikujua neno. Halafu nikajua neno, nikanyamaza.

Sista alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alirudia jambo moja mara kadhaa, mpaka Koleta akalielewa: kwamba alikuwa amemshika mama wa watu mkono na kumpa pole ya kifo chake mwenyewe. Koleta alingoja kufukuzwa. Sista aliuliza tu mama yuko wapi.

Walikwenda Gongoni kwa miguu. Mwanajuma aliwakaribisha, akamtolea Sista kiti, na mama akabaki kwenye mkeka na mizigo yake imefungwa, anangoja lori la Nzega. Sista hakukaa kitini. Alikaa kwenye mkeka, akavuta pumzi.

"Mama," akasema, "mimi nilikufa wewe. Samahani sana."

Mwanajuma alivuta ncha ya kanga mdomoni akatazama pembeni. Koleta alifungua kinywa ili asahihishe, na mama akainua kiganja.

"Mwache aseme. Nimemwelewa."

"Mimi hapana uliza vizuri," Sista akaendelea. "Mimi nasoma karatasi, nafikiri najua."

"Hukuniua, Sista," mama akasema taratibu, ili kila neno lifike. "Hukunijua tu. Mtu usiyemjua ukimkosea, si neno."

Alisema hivyo bila kumtazama binti yake, na Koleta akaelewa kwamba yeye hakuwemo katika msamaha huo. Mama alijaza karanga kwenye ungo, akampa Sista apeleke kwa masista wenzake. Mwanajuma akaleta chai. Wakaongea habari za mjukuu mpya wa Urambo, Sista akiuliza kwa maneno yake machache, mama akijibu, wakielewana. Lori lilipopiga honi barabarani, mama alimwambia Koleta maneno aliyomwambia kila safari: "Soma vizuri." Kisha akapanda.

Jumatatu Sista hakumlazimisha kuwaeleza wenzake. Alianza somo kama kawaida, na Koleta mwenyewe ndiye aliyeinua mkono, akaenda mbele, akasema kwa Kiswahili ili asikosee. Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko tu, kwa hiyo hakujua la kufanya na ukimya ule. Aliporudi kwenye dawati Apolinaria alikuwa amesogea hadi ukingoni.

"Nilifunga kwa ajili ya mama yako," Apolinaria alisema. "Ijumaa tatu."

Wiki iliyofuata aliomba kuhamia dawati jingine. Kicheko kilikuja baadaye, kidogo kidogo, na jina nalo. Koleta wakamwita Marehemu. Tekla peke yake hakulitumia.

Desemba Koleta alikwenda likizo Lusu. Aliingia nyumbani kwa hofu, akamkuta baba yake, mzee Kasimiri, anamshangilia kama siku zote, akajua kwamba mama hakumwambia. Hakumwambia mtu. Alimpikia, alimsuka, alimtuma kisimani. Ila hakuuliza habari za chuo. Likizo zilizotangulia walikuwa wakiongea hadi baba anawaambia wazime taa. Sasa mama aliuliza juu ya mvua ya Tabora na afya ya Mwanajuma, basi. Koleta angependa kugombezwa. Alizunguka nyuma ya mama yake siku nzima akingoja kugombezwa.

Asubuhi moja walikuwa shambani wanapalilia karanga, wawili peke yao, kila mtu na mstari wake.

"Mama," Koleta akasema, "nimeshindwa mtihani wa Kiingereza. Ule wa kusema."

Mama aliendelea kulima. "Umeshindwaje?"

"Sielewi watu wakisema. Nasoma tu. Tangu mwanzo, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naitikia tu."

Jembe la mama likasimama, kisha likaendelea.

"Na Sista anajua?"

"Sasa anajua. Ananifundisha jioni, peke yangu. Ananisemesha, nikikosa narudia."

"Na wenzako?"

"Wanajua wote."

"Wanakucheka?"

"Wananicheka."

Mama alifika mwisho wa mstari wake, akajipangusa shingo kwa kanga, akatazama magugu yaliyobaki upande wa binti yake. Yalikuwa mengi.

"Uliyaacha hapo nyuma," akasema, akionyesha kwa mpini wa jembe. "Rudi uyatoe, jua halijawa kali."

Koleta akarudi. Aliinama akang'oa moja moja kwa mkono, na alipoinuka mama alikuwa ameshaanza mstari mwingine, jirani na wake. Walilima hivyo hadi mchana. Koleta alikuwa bado hawezi kumtazama usoni.