Joto Linalobaki Jikoni kwa Phelesia

Phelesia alikuwa amepiga magoti jikoni, akipangusa mpira unaozunguka mlango wa oveni kwa kitambaa chenye unyevu, mumewe Nicanor alipoingia kwa mlango wa nyuma na kuuliza kama mkate umeiva. Nicanor alikuwa amezikwa tangu mvua za masika za mwaka uliotangulia. Maji yalimchuruzika kwenye mikono ya koti, na viatu vyake viliacha matope kutoka kizingitini hadi kwenye meza.

"Vua viatu, Baba Lynnet," Phelesia akamwambia. "Hapo nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Akavua. Alikuwa mtu msikivu hata kabla hajafa.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Ndhiwa, chini kabisa mwa shamba la familia, pale ardhi inapoteremkia kijito chenye mafunjo. Binti yao Lynnet, anayefanya kazi Eldoret, ndiye aliyeijenga baada ya mazishi, ili mama yake asiendelee kukaa kwenye nyumba ya kupanga kule Migori peke yake. Alimwekea jiko la kisasa: kabati nyeupe ukuta mzima, na katikati ya kabati hizo oveni ya stima iliyojengewa humo humo, yenye mlango wa kioo. Mwanzoni Phelesia aliitumia kuhifadhi sufuria. Aliona ni kabati zuri, ila hili lina taa ndani.

Nicanor alipoanza kuja jioni, akitetemeka, ndipo sufuria zilipohamishwa.

Sababu ya kutetemeka kwake ilijulikana na kila mtu. Marehemu baba yake Nicanor alikuwa amemwonyesha shamba la juu liwe lake, kwenye mgongo wa kilima, mahali pakavu penye upepo mzuri. Nicanor alipokuwa kazini Migori, ndugu yake mdogo Chrispine alipanda miwa kule juu, kwa muda tu. Nicanor alipofariki, miwa ilikuwa imefika kiunoni, na Chrispine akasema haiwezekani kuing'oa kwa ajili ya kaburi. Akawaonyesha wachimbaji huku chini, karibu na kijito. Walipochimba, maji yalianza kujitokeza kabla hawajamaliza. Waliyateka kwa ndoo, mchungaji akaomba haraka haraka, na watu wakaenda kula.

Kwa hiyo Nicanor alikuwa amelowa, na alikuwa akija kujikausha. Hapakuwa na fumbo lolote.

Siku za mwanzo Phelesia alifanya kama ambavyo mke yeyote angefanya. Aliwasha oveni, akaufungua mlango wazi, akamvutia mumewe kiti mbele yake. Nicanor aliketi hapo akinyoosha viganja, mvuke ukimtoka mabegani kama nguo iliyoanikwa baada ya mvua. Walizungumza habari za Lynnet, za bei ya sukari, za nani ameoa. Phelesia hakuwa amepata mazungumzo marefu hivyo na mumewe kwa miaka mingi, kwa sababu Nicanor alipokuwa hai alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka, na jikoni hakuwa akiingia kabisa.

Lakini vitufe vya oveni vilianza kulainika, na kabati la pembeni likageuka rangi ya chai. Jioni moja stima ya nyumba nzima ikakatika kwa mlio mkali. Kesho yake Phelesia akampigia simu Mochama, fundi aliyeifunga ile oveni, naye akaja kutoka Migori na mkoba wake wa vifaa.

Mochama alikagua waya, akakagua swichi ya ukutani, akaitazama ile rangi ya chai kwenye kabati. Alikuwa bado ameinama pale Nicanor alipoingia.

"Pole mzee, umenyeshewa," Mochama akamsalimia.

"Nimezoea," Nicanor akajibu, akatafuta kiti chake.

Mochama alitazama dimbwi lililoanza kutanda chini ya kiti, likijongea taratibu kuelekea kwenye oveni. "Mama, nikwambie ukweli. Hayo maji yake karibu na stima ni kifo." Kisha akajikumbuka. "Samahani, mzee."

"Sema tu, kijana. Ni mke wangu ninayemwogopea."

Mochama akawaeleza wote wawili. Oveni haikutengenezwa kupasha chumba joto. Ikiwashwa mlango ukiwa wazi, joto linarudi kwenye vitufe na waya na mbao, na siku moja nyumba itawaka. Asiguse swichi kwa mkono wenye maji. Asitandike foili chini ya oveni, kwa maana joto linakwama hapo. Asitundike taulo kwenye mkono wa mlango, na mtu yeyote asiuegemee wala kuukalia mlango ukiwa wazi, bawaba zitapinda.

"Sasa yeye atajikausha na nini?" Phelesia akauliza.

Mochama alifikiri, akijipigapiga bisibisi kwenye kiganja. "Pika. Funga mlango, upike chakula chako mpaka kiive. Ukimaliza, zima kwenye kitufe, zima na ukutani. Halafu ndiyo ufungue mlango. Joto linalobaki ndani halina kazi nyingine, mzee anaweza kulichukua."

Ndivyo Phelesia alivyoanza kuoka kila siku.

Alioka mkate kwanza, kwa sababu mkate unahitaji oveni yenye moto mwingi na unaacha joto la kutosha. Mikate ya kwanza ilitoka migumu. Baadaye akaoka viazi vitamu na maganda yake, samaki wa ngege aliyepakwa limau na kitunguu, keki ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Alijifunza kuvaa glavu nene na kusimama pembeni anapofungua mlango, ili wimbi la kwanza la joto lipite usoni pa mtu asiyejali, yaani Nicanor. Alimtandikia magunia chini ya kiti, akakisogeza kiti mbali kidogo, na kila jioni aliyakamua magunia nje kwenye migomba. Migomba ile ilinawiri sana.

Chakula kilikuwa kingi kuliko watu wawili, mmoja wao akiwa marehemu, wanavyoweza kumaliza. Jirani yao Irine akaanza kupita jioni, kisha akina mama wa kanisani, kisha mzee wa kanisa mwenyewe. Waliingia, wakamsalimia Nicanor, wakamuuliza huko chini hali ikoje, naye akawajibu kuwa maji yamepanda au yamepungua. Walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha walikata mkate, na harufu yake ilijaa nyumba yote, na Phelesia, akiwa amesimama mbele ya kioo cha oveni akichungulia mkate wa pili ukipanda, alijiona mwanamke mwenye bahati.

Koti liliungua siku ambayo Phelesia alikuwa na haraka.

Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa akina mama. Nicanor alikuwa ametangulia kufika, na kwa kuwa oveni ilikuwa baridi, aliona si vibaya kulitandaza koti lake la mazishi juu ya wavu wa ndani na kufunga mlango, ili likae mahali penye kumbukumbu ya joto. Kisha akatoka kwenda kukaa barazani. Phelesia aliingia akiwaza unga, akawasha oveni ipate moto bila kufungua kutazama ndani.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Alipogeuka, kioo kilikuwa kimekuwa cheusi, na nyuma ya weusi huo palikuwa na ulimi wa rangi ya chungwa unaotembea.

Nicanor aliingia mbio, mkono ukielekea moja kwa moja kwenye mlango wa oveni. "Koti langu!"

"Usifungue!" Phelesia akapiga kelele. "Baba Lynnet, usiguse! Ukifungua unaupa hewa!"

"Nilizikwa nalo, Mama Lynnet!"

"Najua! Mimi ndiye nililipiga pasi! Rudi nyuma!"

Alizima swichi ya ukutani, akamshika mumewe kiwiko, nacho kilikuwa baridi kama samaki, wakarudi wote wawili hadi mlangoni. Walisimama hapo wakitazama moto ukizunguka ndani ya sanduku lake, ukitafuta hewa, ukikosa, ukipungua. Hatimaye kioo kikabaki cheusi tu. Phelesia alifungua madirisha yote, lakini mlango wa oveni hakuugusa mpaka chuma kilipopoa kabisa.

Ndani walikuta vifungo vya koti, na majivu.

Kesho yake walisafisha pamoja. Phelesia alichanganya soda ya kuokea na maji kidogo hadi ikawa kama uji mzito, wakaupaka kwenye kuta za ndani, wakikwepa zile nondo zinazotoa joto, wakauacha ufanye kazi yake. Alimkataza mumewe kutumia waya wa kusugulia kwenye kioo, maana kioo kikikwaruzwa kinaweza kupasuka kikipata moto. Nicanor alisugua kwa kitambaa laini, taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuosha hata kikombe. Phelesia alimtazama mgongo ukiwa umeinamia oveni, shati likiwa limegandamana na mbavu, akapata hamu ya kucheka na ya kulia, akachagua kucheka.

Lakini bila koti Nicanor alizidi kutetemeka. Jioni ile joto la mkate lilikwisha na bado meno yalikuwa yakigongana. Phelesia akaamua kwamba sasa imetosha. Alimtumia Chrispine ujumbe aje kula ngege.

Chrispine alikuja Jumapili, amevaa shati safi. Irine na mzee wa kanisa walikuwepo. Alimsalimia shemeji yake, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Kaka. Umelowa."

"Kule chini kuna maji," Nicanor akasema.

"Nimesikia. Mvua mwaka huu imezidi jamani, yawa."

"Si mvua, shemeji," Phelesia akasema, akiweka trei mezani juu ya ubao, si juu ya kitambaa. "Ni mahali. Shamba la juu ni lake. Baba yenu alimwonyesha mbele ya watu na wewe ulikuwepo. Mtoe huko majini, umlaze juu pakavu."

Chrispine alichambua mwiba kwa uangalifu, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Sikatai kuwa ni lake," akasema. "Hata siku moja sijakataa. Mzee wa kanisa yuko hapa, ni shahidi. Lakini miwa iko ardhini, shemeji. Ikikatwa tutaongea."

"Ilikatwa mwaka jana."

"Ilikatwa, ndiyo. Ikachipua tena."

Mzee wa kanisa alitikisa kichwa kukubali. Ni kweli, miwa huchipua. Irine naye akasema shina moja la miwa linaweza kuchipua mara kadhaa kabla halijachoka, baba yake alikuwa nayo. Wote wakamtazama Nicanor, ambaye dimbwi lake lilikuwa limefika kwenye mguu wa meza, na mzee wa kanisa akaomba aongezewe mkate.

Kesho yake Chrispine alirudi na koti. Lilikuwa zito, la sufu, lenye mfuko wa ndani. Lilikuwa la Nicanor mwenyewe. Chrispine alilichukua siku ile nguo za marehemu zilipogawanywa. Alimvika kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni, na Nicanor akamwambia asante kwa sauti ya kweli. Habari zikafika hadi sokoni Rodi Kopany. Watu walimsifu sana Chrispine, wakasema siku hizi si rahisi kumpata ndugu mwenye moyo kama huo.

Ijumaa iliyofuata Phelesia alioka mapema, kwa kuwa jua likizama Sabato imeingia na kwake hapapikwi. Alitoa mikate, akazima kitufe, akazima ukutani, akakausha mikono, kisha akaufungua mlango wa oveni. Juu ya kilima lori la kiwanda lilikuwa likipakia miwa ya Chrispine, na sauti yake ilifika jikoni hafifu. Nicanor aliingia, akavua viatu bila kuambiwa, akaketi juu ya magunia yake. Mvuke ulianza kupanda kutoka kwenye sufu.

"Umekasirika," akamwambia mkewe.

"Nimekasirika," Phelesia akakubali. Alimkatia kipande cha pembeni, kile chenye ganda nene. "Wakitoka na hilo lori nitamwendea tena. Nitaenda na mwenyekiti wa ukoo. Nitamwuliza kila mwaka."

Nicanor alitafuna, akameza. Alikuwa na la kusema na alilizungushazungusha mdomoni pamoja na mkate.

"Waliolala kule juu, baba na mama," akasema mwishowe, "hawatoki, Mama Lynnet. Kule ni pakavu. Mtu akilala pakavu, amelala."

Phelesia alibaki ameshika kisu. Nje mwanga ulikuwa ukigeuka kuwa wa dhahabu juu ya mafunjo, na ndani ya oveni chuma kilikuwa kikipoa, kikitoa vimlio vidogo vidogo. Alivuta kiti cha pili, akakiweka kando ya kile cha mumewe, nje kidogo ya dimbwi, akaketi.

"Hata hivyo nitamwuliza," akasema. "Ni haki yako."

"Muulize," Nicanor akasema, akinyoosha viganja kwenye joto. "Lakini usimharakishe."