Gundi ya Jozi Kumi na Moja

Tefiro aliliweka buti juu ya meza yangu, katikati ya makopo, siku ya soko, mbele ya wateja watano, akasema gundi yangu imechanganywa na petroli. Hakunivuta pembeni. Hakunisalimu. Damu ilinipanda hapo hapo, na hata leo nikikumbuka lile buti na tope lake juu ya kitambaa changu safi, bado inanipanda.

Mimi nauza gundi ya viatu na ngozi hapa Bwera, mwaka wa kumi na tisa huu. Mafundi wa Kasese, wa Kilembe, na wale wa ng'ambo ya mpaka wananunua kwangu. Wananiita Hajati ingawa Maka sijafika. Nauza gundi nzito ya njano, ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, ndipo vitu vikabandikwa. Nikikwambia hii ni ya soli za mpira, basi ni ya soli za mpira. Nikikwambia usiitumie kwenye ndala za plastiki nawe ukaitumia, usije kunililia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunirudishia kopo.

Tefiro ni fundi viatu wa Kasese, mtu mwembamba na mpole, ana kibanda karibu na kituo cha teksi. Siku ile alikuja na Ezironi, mkubwa wa waongozaji wa Ibanda, wale wanaowapandisha wageni mlimani. Huko chini kwenye matope watu wake huvaa gambuti za mpira, lakini juu kwenye mawe na barafu huvaa mabuti ya ngozi, na Tefiro alikuwa amewabandikia soli jozi kumi na moja kwa gundi aliyoinunua kwangu. Kesho yake asubuhi jozi hizo zilikuwa zipande mlimani. Hili buti moja lilikuwa limeachia soli jana yake, mwenyewe akilijaribu tu kwa kwenda nalo dukani na kurudi.

Tefiro alitaka jambo moja kwangu. Alitaka niseme mbele ya Ezironi kwamba gundi ndiyo mbaya, ili soli zote zing'olewe na kubandikwa upya kabla mtu hajakanyaga barafu nazo. Ezironi naye alisema wageni wameshafika, hawezi kuwazuia kwa ajili ya buti moja. Kama gundi ni mbaya atawazuia. Kama ni mkono wa fundi ulioteleza mara moja, basi mabuti mengine yatapanda kama yalivyo.

"Hajati, wewe nusa tu," Tefiro akasema, akinisogezea kopo kubwa lililokuwa wazi, lile nililokuwa nikilitumia kumpimia kila mtu. "Siku ya kupaka mimi nilisikia harufu, nikasema hapana, Hajati hawezi. Nusa. Petroli iko humu ndani."

Ezironi aliinamisha uso juu ya kopo, akasema kwake yeye gundi zote zinanuka vile vile. Wakanitazama mimi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata mume wangu. Pua yangu imekufa. Mwaka wa nne huu sisikii harufu ya kitu chochote. Ile miaka ya kupima gundi ndani ya chumba kisicho na dirisha iliila polepole, na nilijua siku maharage yalipoungua mpaka jirani akaja mbio, nami nimeketi hatua tatu kutoka mekoni. Nilinyamaza. Nani angenunua gundi kwa mwanamke asiyeweza kuinusa?

Kwa hiyo niliinama juu ya kopo, nikavuta hewa kwa nguvu ili waone kifua changu kinavyopanda, nikainuka, nikasema haina kitu.

Tefiro akaniita mwongo. Alisema kwa sauti ya chini, nadhani Ezironi na mimi tu ndio tuliosikia. Na kwa kuwa ni kweli nilikuwa nimedanganya, neno lile liliniunguza kuliko ambavyo lingeniunguza kama ningekuwa sina kosa. Nikapaza sauti soko zima lisikie. Nikasema tutabandika sasa hivi, na Ezironi avute kwa mikono yake mwenyewe.

Nilishusha kopo jipya kutoka rafuni, nikamwonyesha Ezironi kifuniko kisichoguswa, nikakifungua kwa bisibisi. Tefiro akasema hapana, tumia hili lililo wazi, ndilo nililopimiwa. Nikamfokea kwamba hilo limekaa juani na kwenye vumbi tangu asubuhi, je nihukumiwe kwa vumbi la soko? Ezironi akaitikia kwa kichwa. Kopo lililofungwa lilionekana kuwa haki.

Nilichukua vipande viwili vya ngozi, nikavikwaruza kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, nikapangusa vumbi, nikapaka gundi nyembamba pande zote mbili. Kisha nikasubiri. Gundi hii haitaki haraka. Ukibandika ikiwa mbichi hewa yake inabaki ndani na haitashika kamwe. Na wakati wa kusubiri ndio nilipommaliza Tefiro. Nilimwambia anapaka gundi kama anayepaka siagi kwenye mkate. Nilimwambia arudi Kasese akashone magunia. Watu walicheka, na kwa sababu walicheka niliendelea. Nilipogusa gundi kwa mgongo wa kidole na isinishike, nikavikutanisha vile vipande mara moja tu, nikavigonga kwa nyundo, nikampa Ezironi.

Alijizungushia ncha kwenye ngumi zote mbili akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ngozi yenyewe ilirefuka. Kiungo hakikuachia.

"Ni mkono wako, Tefiro," Ezironi akasema, akamrudishia buti. "Kesho tunapanda."

Tefiro alilipokea. Alipangusa tope lake kwenye kitambaa changu kwa mkono wa shati, akaondoka. Hata hilo lilinikasirisha.

Alasiri, soko likipungua, niliona gundi ya kopo kubwa imekuwa nzito. Kama kawaida yangu nilichukua dumu dogo la njano lililo ukutani, dumu la thina, ile dawa ya kulainisha gundi, nikaanza kumimina kidogo huku nikikoroga. Mume wangu Swalik, anayeendesha boda, aliingia wakati huo, akasimama mlangoni.

"We mama, mbona unamwaga petroli yangu?" akasema.

Nikamwambia petroli yake hukaa mlangoni, thina hukaa ukutani. Akasema paa lilipovuja aliyabadilisha madumu nafasi, kwa sababu maji yalikuwa yakidondokea la kwangu. Nikamuuliza lini. Wiki mbili zilizopita. Tefiro alinunua siku kumi zilizopita.

"Nilijua utanusa," Swalik akasema. "Si wewe ndiyo mutu ya pua hapa?"

Nilimfokea mpaka duka la jirani likafunga mlango. Madumu mawili ya rangi moja, ya nini? Mwanamume gani anaweka mafuta ya pikipiki kando ya gundi, anayahamisha, hamwambii mtu? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini sikunusa. Nilitafuta mwingine wa kumkasirikia, sikumpata. Nikamwambia.

Baada ya hapo nilifanya jambo baya kuliko yote. Niliketi. Nilijiambia buti moja si mabuti yote, huenda mengine yameshika, huenda nilimimina kidogo tu. Nilikaa na uongo huo mpaka magharibi. Nilipopiga simu ya Ezironi mara nne haikupatikana, na mvua ilikuwa imeanza. Alfajiri tuliswali, Swalik akawasha pikipiki, nikapanda nyuma nikiwa nimelikumbatia lile kopo jipya.

Tulipofika Ibanda jua lilikuwa limeshagusa miamba ya juu. Waongozaji watano walikuwa uani wakifunga mizigo. Sita walikuwa wamekwenda na kundi la kwanza. Nilimweleza Ezironi nikiwa bado sijashuka vizuri, naye akanitazama kwa huruma, na huruma ile sikuitaka.

"Hajati, mimi nilivuta na mikono yangu," akasema. "Tefiro alikuja hapa jana jioni kulia, nikamfukuza. Sasa amekulilia na wewe."

Nililinyakua buti kwenye mzigo uliokuwa karibu, nikatia kidole gumba kwenye ncha ya soli, nikavuta. Ilitoka mpaka kisiginoni bila hata sauti, gundi ikijivuta nyuzi nyuzi, laini, haijakauka baada ya siku kumi. Nikachukua la pili. Nalo likatoka. Mwenye buti la tatu alilivuta mwenyewe, na uso wake ulipobadilika nilitamani anipige.

"Sinusi," nikasema. "Miaka minne sinusi kitu. Jana nilikudanganya mbele ya watu."

Ezironi alivua kofia, akaivaa tena. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Aliuliza tu Tefiro yuko wapi. Mmoja wa waongozaji akajibu kwamba Tefiro hakurudi kwake. Alilala kwenye veranda ya kanisa, na wale sita walipoondoka aliwafuata, na kandambili zake, na nyundo na kopo dogo alilonunua Kasese, akisema atatembea nyuma yao mpaka kwenye mawe, labda huko watamwamini. Ezironi aliwatuma vijana wawili wenye mbio wakawarudishe wote.

Niliketi chini na zile jozi tano. Nikang'oa soli, nikakwangua gundi yangu mbovu kwa kisu, nikapiga msasa, nikapangusa. Nikapaka upya kutoka kopo nililokuja nalo na kusubiri zaidi ya ninavyosubiri Bwera, maana kwenye baridi gundi inachelewa. Nilikuwa na hasira na paa, na madumu, na vicheko vya soko, na zaidi na kifua changu kilivyopanda nikijifanya nanusa.

Walishuka saa nane mchana. Sita walikuwa na gambuti miguuni na mabuti mabegani. Tefiro alikuwa nyuma yao na kandambili moja, mguu mwingine umefungwa kitambaa chenye damu. Vijana walikuwa wameshamweleza. Nilisimama, nikamwambia kosa lilikuwa langu, mkono wake haukuwa na kosa, naomba anisamehe.

"Hayo utasema Bwera, siku ya soko," akasema. "Ulinitukania kule."

Aliketi, akazipanga zile jozi sita mbele yake. Kopo lake dogo halikutosha kazi yote, kwa hiyo alinyoosha mkono akachukua langu. Alilinusa, kwa muda mrefu, kisha akampa Ezironi, naye akalinusa. Ezironi akampa mwongozaji aliyekuwa kando yake, naye akampa mwenzake, likazunguka hivyo uani, kila mtu akiinamisha uso. Lilipofika kwa aliyekuwa kushoto kwangu, alinyoosha mkono mbele ya kifua changu, akampa wa kulia.