Mzee wa Kabatini

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Vishakha na mumewe Sumedh walifungua kabati la nguo, wakasogeza mablanketi, wakaunganisha viganja mbele ya picha ya Daktari Ambedkar, Babasaheb kwa watu wa tabaka lao, lile lililoitwa najisi nchini India. Ambaye angewachungulia angedhani wanachagua shati. Wakimaliza, mablanketi yanarudi, mlango unafungwa, na ufunguo unawekwa juu ya kabati asikofika mtoto. Ndivyo watu wawili wenye shahada walivyomwamkia mtu ambaye, bila yeye, wasingeijua hata harufu ya darasa.

Usiwacheke, walikuwa na sababu. Nyumba ya kwanza waliyopanga hapa mjini Pune, ng'ambo ya mto, picha ilitundikwa sebuleni siku ile ile ya kuhamia. Mwenye nyumba akaja kuwakaribisha, akaitazama picha, akamtazama Vishakha, mara akakumbuka kwamba shemeji yake hana pa kukaa. Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale, ila huyo hakuwa na shemeji, alikuwa na mpwa. Kwa hiyo walipobahatika kupata ghorofa ya pili katika jengo la Mzee Paranjape, lenye shule nzuri jirani na mti wa kivuli uani, Sumedh alisema, "Safari hii Babasaheb apumzike kabatini. Mwenyewe angetuelewa."

Jina lao la ukoo, Gaikwad, lina watu wa tabaka la juu na wa tabaka la chini, na Mzee Paranjape alijichagulia la kuamini. Akawapa ufunguo na sharti moja: nyama, samaki na mayai, vilivyo mwiko kwa tabaka lake, visipande ngazi zake. Watu husema kuta zina masikio. Za jengo lile zilikuwa na pua.

Miaka mitano ikapita hivyo. Mayai waliyala kwa kaka yake Sumedh siku za Jumapili, wakapiga mswaki kabla ya kurudi.

Kila mwezi wa Januari jengo lilisherehekea Sikukuu ya Jamhuri. Mzee Paranjape, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wakazi, alipanga mezani picha za mashujaa wa nchi, kila mmoja na shada lake la maua ya manjano: Gandhi na fimbo yake, Nehru na waridi lake, mtawa Vivekananda na kilemba, mfalme Shivaji juu ya farasi. Watoto nao walivalishwa kama mashujaa hao, kila mmoja akasema maneno mawili matatu, wazazi wakapiga makofi. Mzee ndiye aliyegawa nafasi. Shivaji ilikuwa ya mjukuu wake kila mwaka, ingawa upanga ulimshinda kuuinua. Gandhi hakuwa na mgombea, maana Januari kuna baridi na Gandhi hakuvaa shati.

Mukta, binti wa Vishakha, alikuwa na umri wa miaka tisa na mdomo wa watu wawili. Alipewa awe Mama India: asimame juu ya kigoda, ashike bendera, anyamaze. Alipanda ngazi akikanyaga kwa kishindo.

"Mwaka jana nilisimama! Mwaka huu nataka kuwa mtu anayesema."

"Omba uwe Nehru," alisema Vishakha, mikono imo ndani ya unga wa chapati.

"Nehru kachukuliwa." Mtoto akafikiri kidogo. "Mama, siwezi kuwa yule mzee wa kabatini?"

Vishakha akaacha kukanda. "Mzee gani?"

"Yule wa nyuma ya mablanketi. Mwenye miwani." Kisha Mukta akashusha sauti, kama watu wanavyofanya wanapogusa habari za jamaa aliyeharibikiwa. "Alifanya kosa gani?"

"Kosa?"

"Si mmemfungia."

Vishakha alikaa chini pale pale jikoni. Aibu aliyoisikia haikuwa ndogo, na nyuma ya aibu ikafuata hasira, na hasira yote ilimwelekea yeye mwenyewe na mumewe. Alimkumbuka baba yake, mfyatua matofali, aliyekatazwa kisima cha kijiji tangu utoto. Baba yule alikuwa na kibanda kisicho na dirisha, lakini picha ya Babasaheb aliitundika mbele kabisa, na kila aliyeingia alilazimika kukutana nayo kwanza. Mfyatua matofali hakuficha. Bintiye, mwalimu wa kemia, ndiye aliyeficha.

Akanawa mikono, akaushusha ufunguo, akamketisha Mukta mbele ya kabati na kumsimulia yote.

Sumedh aliporudi kutoka kazini na kusikia, alibaki na kiatu kimoja mguuni.

"Umerogwa, Vishakha? Mbele ya Paranjape? Mwache mtoto awe Mama India. Kusimama kimya kuna ubaya gani?"

"Ndiyo kazi yetu sisi, miaka mitano sasa. Yeye simrithishi."

"Na tukitolewa? Tutakwenda wapi, kwa shemeji ya nani?"

"Mtoto anadhani yule ni mfungwa, Sumedh. Anauliza alifanya kosa gani."

"Nitamwelewesha akikua."

"Akikua hatauliza habari zake. Atauliza sisi tulifanya kosa gani."

Sumedh akakivua kile kiatu kilichobaki, akaenda kulala. Alipofungua macho asubuhi ya pili yake, mkewe alikuwa amekaa kitandani na mkasi, anapunguza mikono ya koti la buluu.

"We mwanamke! Hilo si koti langu la arusi?"

"Ndoa ipo, usiogope. Koti ndilo limepata kazi nyingine."

"Basi sherehe mtashuka wenyewe. Mimi simo," alisema Sumedh, na hasira yake ilikuwa woga mtupu, wote wawili walijua.

Siku ikafika. Bendera ikapandishwa uani, jalebi za sukari zikanukia, wakazi wakajaa kwenye viti vya plastiki. Huko juu Sumedh alikuwa amefungulia televisheni, gwaride la Delhi linanguruma ili asisikie ya chini. Shivaji akaja na kushindwa na upanga wake. Gandhi akapatikana, amevaa sweta. Mwishowe Mzee Paranjape akamwita Mama India kwenye kigoda.

Akatoka Mukta. Koti la buluu, tai nyekundu, miwani isiyo na vioo, kitabu kinene kifuani, na kidole kimenyooshwa mbele. Watu wakanyosha shingo.

"Jamani, huyu naye nani?" alicheka Bi Sathe, jirani wa ghorofa ya chini. "Meneja wa benki?"

"Ni Ambedkar," mtu akasema nyuma.

"Ambedkar? Wa nini hapa kwetu?"

Mzee Paranjape akatabasamu kwa midomo tu. "Mukta, mjukuu wangu, umekosea. Kigoda chako kile pale."

"Sijakosea, Babu," alisema Mukta, akakishika kipaza sauti. "Mimi ni Bhimrao Ambedkar. Nilipokuwa mdogo, shuleni nilikatazwa kugusa mtungi wa maji. Nikasoma, nikasoma, mpaka wakaniita daktari. Kisha nikaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Leo ni sikukuu ya hiyo katiba, na mimi sikualikwa. Nimekuja hivyo hivyo."

Makofi yakapigwa mahali fulani, mara moja, yakakatika. Vishakha alikuwa amekwisha simama.

"Mama Mukta," Mzee Paranjape akamgeukia, "nani kamfundisha mtoto mambo haya?"

"Mimi."

"Kwa hiyo nyinyi ni..."

"Malizia, Mzee. Neno halina meno. Ndiyo, ni hao hao."

Bi Sathe akasogeza kiti chake kidogo. Kilikwaruza sakafu, watu wote wakasikia.

"Mimi sina ubaguzi," alisema Mzee Paranjape, akipangusa paji la uso. "Kila mtu hapa ananijua. Nilichotaka ni kuambiwa ukweli tangu mwanzo."

"Ningekuambia, ungetupa ufunguo?"

Mzee akalitazama shada la Gandhi.

"Habari za nyumba tutaongea baadaye."

"Tuongee sasa hivi. Watu wapo, na kipaza sauti hakijaharibika."

Kijana mmoja akaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Mzee kuliko yote.

"Basi mhame!" alifoka. "Mwezi ukiisha nisiwaone!"

Vishakha aliyaona yote yakipita mbele yake: shule ya mtoto, vyombo barabarani, madalali wenye maswali yao. Lakini alikuwa ameshachoka na mashemeji wa watu. Akatoa kalamu mkobani, akamnyooshea.

"Tutahama. Kwanza niandikie sababu, utie na sahihi. Sitaki shemeji, sitaki mpwa, sitaki mtoto anarudi kutoka Amerika. Andika ile yenyewe, uliyokuwa nayo mdomoni sasa hivi. Ukiiandika, nafunga mizigo leo leo, na karatasi naipeleka polisi."

Mzee Paranjape akaipokea kalamu. Alikuwa msomi, sheria inayokataza ubaguzi wa tabaka aliijua. Hapakuwa na haja ya mtu kumfundisha nini humpata anayeandika jambo kama lile na kuweka jina lake chini. Aliyesaidia kulifanya lisiandikike alikuwa amesimama mbele yake, mkono mwembamba ndani ya koti la arusi, bado amenyoosha kidole. Mzee akaizungusha kalamu vidoleni. Akaifunga. Akairudisha.

"Wimbo wa taifa," alisema kwa sauti iliyokauka, na watu wakasimama wakaimba.

Vishakha alipanda ngazi akijua kuwa vita vya pili vinamngoja juu. Alimkuta Sumedh sebuleni, televisheni imezimwa. Mablanketi yalikuwa sakafuni, kabati wazi, na picha ameishika kwa mikono miwili.

"Nimesikia," alisema. "Kipaza sauti kile hakimfichi mtu." Akakohoa. "Ungeniambia utasema vile, ningekuja."

"Ungekuja?"

"Hapana," alisema Sumedh, kwa aibu iliyo wazi. Akaiweka picha juu ya kiti. "Pale, ukuta unaotazama mlango. Msumari ninao, niliununua siku tuliyohamia. Nyundo ndiyo hatuna."

Akavaa ndala, akatoka. Vishakha alidhani anakwenda dukani. Alipochungulia kutoka roshani, alimwona mumewe akikatiza uani katikati ya watu wanaokula ladu, mpaka mbele ya Mzee Paranjape, aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mzee, naomba uniazime nyundo."

"Nyundo ya nini, Gaikwad?"

Sumedh, ambaye katika nyumba ile alikuwa akipunguza hata sauti ya redio, alijibu jengo zima likasikia.

"Ya kumtundika Babasaheb ukutani."

"Leo sikukuu," alisema Mzee Paranjape. "Vifaa nimevifungia."

"Nitasubiri uvifungulie."

Hakuondoka. Alisimama pale pale, kiganja amekifungua mbele ya mwenye nyumba wake, na watu wakaacha kutafuna. Chai ikapoa. Hatimaye Mzee Paranjape akaweka kikombe chini, akaingia ndani kuitafuta nyundo.