Kimya Kwenye Simu

Kinyozi hajinyoi. Profesa alikuwa bingwa wa historia ya Waafrika waliovushwa bahari utumwani na vizazi vyao. Watu wa ng'ambo walimwandikia wakilia kwa furaha, maana aliwarudishia majina ya mababu. Lakini kaka yake wa damu, aliyekwenda huko kwa ndege, na pasipoti mfukoni, alikuwa amempotea jumla.

"Wafu wote wa huko unawajua," mama yake alimtania bintiye kutoka kitandani. "Aliye hai mmoja tu ndiye amekushinda?"

"Wafu hawahami nyumba, mama."

Mama akacheka hadi akapaliwa. Maradhi yalikuwa yamemla, yakambakishia macho na ulimi. Dawa hakuzitaka tena. Alitaka kumsikia mwanawe wa ng'ambo kabla hajafumba macho, basi.

Kaka aligombana na baba akaondoka, na baba alipokufa hakuja kuzika. Aibu ikamziba mdomo miaka yote hiyo. Aliyempata ni bibi mmoja wa hukohuko, ambaye Profesa aliwahi kumtafutia asili yake. Bibi wa watu akaulizia kanisa kwa kanisa, kiwanda cha mikate kwa kiwanda, maana kaka alikuwa mwokaji, mpaka akatuma namba.

Profesa akapiga, akailaza simu juu ya mto, spika wazi.

"Kaka, ni mimi. Niko na mama, hali yake mbaya. Utakuja?"

Kimya. Pumzi tu zilisikika.

Sasa, Profesa alikuwa na kanuni yake, na wanafunzi waliijua kuliko sala: ukishauliza swali zito, funga domo. Shahidi akinyamaza usimsaidie. Neno la kweli liko njiani. Kwa kanuni hiyo wazee walimfunulia mambo ambayo hata watoto wao hawakuwaambia. Kwa hiyo mama alipofungua kinywa, Profesa akamwekea kidole mdomoni. Subiri. Mama akatii, mtoto amesoma, atakuwa anajua.

Upande wa pili mtu akavuta kamasi. Kisha simu ikakatika.

Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga, akapiga.

"Mbona ulinizuia?"

"Alikuwa anakaribia kusema, mama."

"Alikuwa anangoja kuitwa. Yule ni mwanangu, si shahidi wako. Tangu mdogo, akikosa hujificha nyuma ya nyumba, hatoki mpaka nimwite mimi." Hakusema kwa hasira, heri angefoka. "Haya, nigeuze nitazame mlango."

Akamgeuza, mwepesi kama kanga iliyoanuliwa juani. Tangu hapo, kila nyayo zikipita nje mama alijaribu kuinua kichwa, na kila mara bintiye alilazimika kumwambia ni jirani. Akafa hivyo hivyo, uso mlangoni.

Wiki ya maziko, kaka akapiga mwenyewe.

"Dada, siku ile mlinyamaza, nikajua hamjanisamehe. Nikazima simu. Lakini nimeshindwa kulala. Hebu nipe mama niongee naye."