Wimbo wa Madirisha Yaliyofungwa

Fidla ilipolia redioni, wanawake wa chama cha ngoma ya lelemama walishusha vikombe vya kahawa kwa pamoja. Ulikuwa mchezo mpya wa kuigiza, na muziki wa kuufungulia ulikuwa wimbo wao: ule waliokuwa wakiufanyia mazoezi hapa Kisauni, madirisha yamefungwa, ili wapinzani wao wa Likoni wasiusikie kabla ya siku ya mashindano.

Macho yote yakamwendea Kuluthum. Mumewe, Mahfudh, alikuwa mpiga fidla wa redio.

"Kuta zina masikio," alisema Barke, kiongozi wao, "lakini za kwetu zina na ndevu."

Wakacheka kicheko kikavu. Bi Mwanatumu, mamake Kuluthum, aliyeutunga wimbo, hakucheka wala hakukemea. Aliendelea kusuka ukili wa mkeka.

Nyumbani, Kuluthum hakumtilia mumewe chai.

"Ulinisikiliza nikiimba jikoni?"

"Wallahi sikuiba. Nilipewa."

"Na nani?"

"Kaniapisha nisimtaje."

Wimbo ule waliujua wanawake wa chama tu. Mwanamke gani angempa mumewe wimbo, na kwa mapenzi gani? Tangu hapo, machoni pake kila mwenzake wa chama alikuwa na uso wa mke mwenza. Akafunga kanga zake furushi, akaliweka nyuma ya mlango, asijue kama alingoja kuondoka au kuzuiwa.

Wiki ya pili Barke hakumpa nafasi hata ya kuketi. "Watu wanangoja uhuru, wewe watoa siri za nyumba! Leo uchague, mwanangu. Chama au fidla."

Redio ikafunguliwa. Kuluthum alisikiliza kama mtu asikilizaye nyayo za mwizi. Wimbo ulipanda, ukazunguka, ukafika pale wao walipozoea kukomea. Haukukoma. Uliteremka taratibu, kwa madaha, mteremko ambao hakuna kati yao aliyeujua.

Akageuka. Midomo ya mamake ilikuwa ikiitangulia fidla.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mwisho wa wimbo, umeshatufundisha?"

Ukili ukamponyoka Bi Mwanatumu. "Bado, mwanangu."

Miaka yote aliwatungia wenzake nyimbo, lakini sauti yake mwenyewe iliishia kizingitini, mpaka fidla ya mkwewe ilipoivusha. Barke aliinamia kikombe chake. Redioni waigizaji walikwisha anza kuzozana, wala hapakuwa na wa kuwasikiliza.

Bi Mwanatumu aliuokota ukili wake, akaukunja, akauweka kando.

"Fungueni madirisha," alisema, "niwafundishe."