Mifyulisi ya Mke Mwenzangu

Muhidini alipooa mke wa pili aligawa kila kitu sawa kwa sawa: siku, kanga, hata mifyulisi iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Mbeya. Ishirini yangu, ishirini ya Chiku. Yote arobaini niliipanda mimi, Mwanakhamisi, wakati huyo Chiku yuko kwao Iringa bado anafundishwa kusonga ugali. Sheria ni sheria.

Mwaka wa hamsini na sita akatuletea dawa ya DDT, makopo mawili na mabomba mawili, maana angenipa peke yangu ingekuwa kesi. Mimi nilipuliza kila wiki bila kukosa. Chiku kopo lake alilisukuma uvunguni, hakulifungua. "Dada, mimi harufu yake inanishinda," alisema. Nikamwona mvivu, nikafurahi.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Kufikia Septemba majani yangu yaligeuka rangi ya kutu, yakaanza kupukutika, na upande wa chini yamejaa vidudu vyekundu, vidogo kama unga wa pilipili. Nikazidisha dawa, navyo vikazidi. Ng'ambo ya kijia, miti ya mvivu ilikuwa kijani kibichi, imebeba hadi matawi yanainama. Muhidini akitoka dukani alipitia huko kwanza, hata siku za zamu yangu, akiyapapasa mafyulisi kama anayepima kitambaa. Wivu ulinipanda, sioni haya kusema. Miti niliyoipanda kwa mikono yangu ilikuwa inamsifia mwanamke mwingine, na yangu inakufa.

Chiku akaenda Iringa kwenye harusi ya kaka yake. Jumatano mchana nikajaza bomba langu, nikavuka kijia, nikaipuliza miti yake yote ishirini. Nilijiambia kwamba natenda haki: tulipewa dawa sawa, basi na tuonje sawa. Alhamisi akarudi.

Jumamosi Muhidini akaja na bwana shamba, Mnyakyusa mmoja aitwaye Asukile, mwenye kioo cha kukuzia mfukoni. Alichunguza majani yangu kwa muda mrefu.

"Mama, shida ni hii dawa," alisema. "Vidudu hivi ni utitiri, na dawa hii haiuwezi. Ila kuna utitiri mwingine, mweupe mweupe, una mbio, ambao chakula chake ni huu mwekundu. Dawa imeua huo mweupe, mwekundu ukabaki. Acha kupuliza. Kata matawi kule kwa mama mdogo, kusikopulizwa, uyafunge kwenye miti yako. Ule mweupe utahamia wenyewe, miti itapona."

Miti yangu ingepona.

Chiku alikuwa ameshashika mkasi wa kupogolea. "Njoo uchague, dada. Hata yenye matunda."

Asukile akatangulia kuvuka. Akageuza jani la kwanza, la pili, la kumi, kila moja akilitazama kwa kioo chake. Kisha akapitisha kidole juu ya jani, kikatoka na vumbi jeupe.

"Huku nako kumepulizwa," alisema. "Haijapita hata wiki. Hakuna kilichobaki cha kuhamisha. Nani kapuliza?"

Muhidini akatutazama sote wawili. Chiku akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameshajua.

"Ni mimi," alisema Chiku. "Niliporudi safari niliona hali ya miti ya dada, nikaogopa na yangu isije ikaumwa. Nisameheni."

Muhidini hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinisemesha mimi zamani, kwamba kuogopa si kosa. Nilisimama pale nimefunga mdomo, na sijapata kumwonea Chiku wivu kama siku ile. Hata kosa langu alilichukua yeye, na likampendeza.