Shahidi Kutoka Cheptais

Matatu za kwenda Cheptais zilikataa kupanda kwa sababu ya matope, na mimi si mtu wa kungoja. Nilitoka Kitale, ninakoishi, alfajiri nikaomba lifti: kwanza pikapu ya maziwa, kisha trekta, mwishowe lori dogo, kenta ya dereva aitwaye Derrick, iliyokuwa ikienda mlimani kuchukua vitunguu.

"Madam, huko juu unaenda kwa nani?" Derrick akaniuliza.

"Kwa mama anaitwa Jelimo."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Nabwile."

Akakata kona mbili, macho kwenye matope. Wakati wa vita vya mashamba, jina kama langu, la kabila la bondeni, lilitosha kukumaliza huku juu, na jina kama la Jelimo, la kabila la mlimani, lilitosha kukumaliza kule chini.

"Siku hizi hakuna shida, bana," akasema. "Lakini ongea pole pole."

Kuongea pole pole sijui. Nilikuwa nimefuata kifo cha baba. Mwaka 2007 baba yangu, Wakhungu, alipanda huku kununua vitunguu kwa Jelimo, hakurudi. Sasa mamangu alikuwa mgonjwa, na alitaka kumzika mumewe kabla hajazikwa yeye. Wazee wa ukoo walikubali tuzike mgomba mahali pa mwili, ilivyo desturi, ila kwa sharti moja: apatikane mtu aliyemwona akifa. Kumzikia mgomba mtu aliye hai, walisema, ni kumwita kaburini. Mazishi yalikuwa kesho yake. Bila shahidi mamangu angekufa si mke, si mjane.

Jelimo nilimkuta uani akichambua vitunguu na majirani. Walinipa kiti, wakaniuliza habari za barabara na mvua. Hakuna aliyeuliza nimefuata nini. Adabu gani hiyo, na mimi ninachemka!

Hatimaye Jelimo akaweka kisu chini. "Wewe ni mtoto ya Wakhungu. Hiyo uso ni yake."

"Alikufa?"

"Alikufa. Niliona na macho yangu." Akawatazama majirani, lakini akaendelea kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Nilimficha siku mbili kwa stoo. Watu wa bunduki wakakuja wakamtoa, wakamuua mbele yangu, wakabeba mwili. Kijana yangu ndiye aliwaonyesha mlango."

Majirani waliinamia vitunguu vyao. Nadhani hata wao walikuwa hawajawahi kumsikia akilisema hilo.

"Huyo kijana yuko wapi?"

"Askari walimchukua mwaka uliofuata. Mimi pia sijaona mwili."

Nilitamani kumpiga. Nasema kweli, mikono iliniwasha. Lakini nilimhitaji, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Utakuja useme hivyo kwetu, mbele ya wazee?"

"Wataniua?"

"Sijui," nikasema, maana sikujua.

Akaingia ndani, akatoka na sweta na gambuti. Derrick alikuwa amemaliza kupakia, akatuketisha naye mbele. Tulipita Sirisia, tukafika Bungoma, tukaendelea hadi kwetu Mabanga, mabega yetu yakigusana njia nzima.

Wazee walikuwa wameketi na mamangu yuko kwenye mkeka. Jelimo alisimama akasema yote. Sikutegemea angemtaja mwanawe, lakini alimtaja, kwa jina. Baba mdogo akaruka, kiti kikaanguka nyuma yake. Nami nikajikuta nimesimama mbele ya Jelimo, kumkinga, na mpaka leo sijui miguu yangu iliniuliza saa ngapi.

Mamangu akainua mkono. Baba mdogo akaokota kiti chake.

"Hizo siku mbili," akamuuliza Jelimo, "alikuwa anakula?"

"Nilimpikia viazi. Siku ya kwanza alikula. Siku ya pili alikataa, akasema anasikia baridi. Nikampa blanketi ya kijana yangu."

"Baridi alikuwa anaiogopa sana," mamangu akasema.

Hapo ndipo alipolia. Miaka kumi na minane hakuwahi kulia, kwa kuwa aliye hai haliliwi. Alilia kwa sauti mpaka wanawake wa jirani wakaja mbio wakipokea kilio, na wazee wakavua kofia. Jelimo akakaa chini kwenye mkeka uleule, akajifunika uso kwa sweta, akalia naye. Hakuna aliyemuuliza anamlilia nani.